Nairobi: Simu ya jiji ni mali ya ofisi au ya afisa?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu katika nchi nzima ya Kenya. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulikumbwa na giza, kwa kuwa mojawapo ya jenereta zake haikuwaka, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akalazimika kuomba radhi hadharani. Mjadala uliofuata ulihusu umeme na uwanja wa ndege. Usiku kama huo, hata hivyo, huzusha swali jingine: mkaazi wa Mathare anayehitaji gari la zimamoto, au jamaa wa mama anayejifungua, anapiga simu wapi? Na ndani ya jengo la kaunti, ni kifaa gani kinachoita?

Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia pale jiji la ukubwa wa Nairobi linapopanga mfumo mpya wa simu kwa ajili ya majengo yake. Kaunti hiyo ina kaunti ndogo 17 na wadi 85. Mbali na makao yake makuu ya City Hall, inazo hospitali kama Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, vituo vya zimamoto, masoko, na ofisi za leseni na ardhi. Wasikilizaji wetu walio upande huu wa Busia na Malaba wanazijua baadhi ya ofisi hizo, kwani mfanyabiashara anayepeleka nafaka au matunda katika masoko ya Nairobi hukutana na kaunti mapema kuliko anavyokutana na serikali kuu. Afisa akikosa kupatikana kwa simu, mfanyabiashara hulazimika kufunga safari.

Hapo zamani mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Jengo la umma lilikuwa na swichibodi na mpokeaji wa simu aliyejua nani anakaa chumba gani. Nyaya za shaba zilitoka hapo hadi katika mtambo wa shirika la simu. Shirika la Posta na Simu la Kenya lilipogawanywa mwaka 1999, simu za mezani zilibaki mikononi mwa Telkom Kenya, wakati ambapo simu za mkononi zilikuwa zinaanza kushika kasi. Wezi wa shaba walikata nyaya, na wateja hawakungoja zirudishwe, wakanunua simu za mkononi. Ofisi za umma nazo zikafuata mkondo huo bila mpango wowote.

Ndiyo maana leo, katika miji mingi ya kanda yetu, ubao ulio mlangoni mwa ofisi huonyesha nambari ya simu ya mkononi, na mara nyingi nambari hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Afisa akihamishwa, akistaafu au akifukuzwa, huondoka nayo. Maombi yaliyotumwa kwa ujumbe, picha za mabomba yaliyopasuka na ahadi zilizotolewa kwa wananchi huondoka pia. Mrithi wake huanza upya. Anayepiga simu huambiwa, “Siku hizi siko huko.”

Nairobi inao mfano mkubwa wa hatari hiyo. Mnamo Februari 2020, Gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia saini mkataba uliohamishia serikali kuu majukumu makubwa ya kaunti, yakiwemo afya na uchukuzi, na Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, ikaundwa kuyasimamia. Majukumu hayo yakarudi kwa kaunti mwaka 2022, baada ya uchaguzi uliomwingiza madarakani Johnson Sakaja. Katika muda wa miaka miwili na ushei, huduma zilezile zilibadilisha mabwana mara mbili. Kwa mwananchi, zahanati ilibaki palepale. Nambari ya simu ilistahili kubaki palepale pia, na hilo huwezekana tu ikiwa nambari ni mali ya zahanati, wala si ya mkuu wake au ya taasisi inayoiendesha kwa msimu.

Teknolojia ya kulitimiza hilo ipo, na si ngeni. Simu za kisasa za ofisini hupitisha sauti katika mtandao uleule wa kompyuta. Kila mazungumzo huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo mazungumzo mia moja kwa pamoja hutumia megabiti 10 hivi, kiasi kidogo kwa jengo lenye mkongo wa nyuzi za kioo. Afisa anayehama chumba hubeba nambari yake ya ndani kwa kuichomeka simu ukutani kwingine. Nambari ya dawati la leseni inaweza kuita meza tatu kwa mpigo, na jioni ikahamia kwa mlinzi wa zamu.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa mitambo hawapendi kulianza wao. Simu ya mezani ya zamani ilipata nguvu zake kutoka kwenye betri za kituo cha simu, kupitia waya uleule wa shaba, kwa hiyo umeme ulipokatika mtaani, simu iliendelea kulia. Simu mpya haina fadhila hiyo. Hupokea umeme kutoka kwenye swichi ya mtandao iliyo kabatini, nayo swichi hutegemea umeme wa jengo. Stima ikizimika, ghorofa nzima huwa bubu kwa wakati mmoja. Betri za akiba za dakika kumi zinamtosha mhasibu kuhifadhi faili zake, lakini haziwezi kumfaa mzimamoto. Kwa hospitali na vituo vya zimamoto, hesabu inapaswa kufanywa kwa saa, na jenereta ijaribiwe ikiwa na mzigo wote. Kisa cha uwanja wa ndege kilionyesha kwamba kuwa na jenereta ni jambo moja, na kuwaka kwake usiku wa giza ni jambo jingine.

Kuna pia suala la idadi ya njia za kutoka na kuingia, ambalo hukadiriwa kwa macho mara nyingi mno. Hesabu yake ilipatikana zaidi ya karne moja iliyopita kwa juhudi za Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Tuseme jengo hupigiwa simu 400 katika saa yenye shughuli nyingi, kila moja ikichukua dakika tatu. Njia 30 zitatosha, na chini ya simu moja kati ya mia itakuta njia zote zimejaa. Simu zikifika 500, takriban tano kati ya mia zitakwama. Zikifika 800, zaidi ya robo haziingii. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyobomoa makaazi kando ya Mto Mathare, ni ushahidi kwamba siku ambayo wapigaji wanazidi maradufu si ya kufikirika. Mpangaji anayechukua wastani wa mwezi wa kawaida huwa amepanga kwa ajili ya siku ambazo simu haihitajiki sana.

Hoja nyingine ni mahali mtambo unapokaa. Kaunti yaweza kuweka seva zake ndani ya jengo, au kukodi huduma inayoendeshwa mbali kupitia intaneti. Kukodi kunavutia, kwa sababu gharama ya mwanzo ni ndogo na matengenezo ni ya mwingine. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote, hata huku kwetu. Ikiwa mtambo uko ng'ambo, wodi ya Pumwani inaweza kushindwa kuipigia maabara iliyo hatua hamsini kutoka hapo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kukodi kunakubalika kwa ofisi za kawaida, lakini simu za ndani za hospitali na zimamoto zisilazimike kuvuka uzio wa jengo.

Gharama ya anayepiga haistahili kusahauliwa. Asiye na salio hawezi kusikiliza muziki wa kusubiri kwa dakika saba. Nambari isiyotozwa anayepiga humhamishia mlipa kodi gharama hiyo, na hilo ni sawa kwa dharura na kwa malalamiko ya maji taka, ingawa si lazima kwa kila dawati. Sauti inayomwelekeza mpigaji yafaa ianze kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini katika mitambo mingi Kiswahili huja baada ya Kiingereza, kwa kubonyeza kitufe cha pili. Na mazungumzo yakirekodiwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye mtambo awe na sababu halali, amweleze anayerekodiwa, na asihifadhi sauti hizo kupita haja.

Kwa hiyo, madiwani watakaoletewa mkataba wa namna hii wana mambo ya kutafuta kabla hawajafika kwenye bei. Wenzao wa simu za mkononi nchini Kenya wameweza kuhama mtandao wakiwa na nambari zao tangu mwaka 2011. Mkataba wa kaunti nao useme waziwazi kwamba nambari zote ni za kaunti na zitahama nayo, hata kampuni ikibadilishwa. Useme pia kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa mpaka ufanyike mtihani mmoja: siku ya kazi, saa nne asubuhi, swichi kuu ya umeme ya jengo izimwe, kisha mtu aliye nje apige nambari ya zimamoto.