Wakinyolewa Wahaiti, Sisi Tutie Maji



Juzi tulikuwa jikoni bwenini tunakula, habari za wahamiaji zikaingia mezani. Mwenzetu mmoja akasema, "Hayo ya Wahaiti bwana, sisi tuna viza zetu." Nilinyamaza maana ugali ulikuwa unapoa, ila leo nataka kumjibu.

Hebu tukumbuke ya Springfield, Ohio, mwaka 2024. Wahaiti walihamia pale kwa maelfu kufuata kazi viwandani, na wengi wao walikuwa na hifadhi ya muda inayotambulika kisheria. Agosti mwaka huo Wanazi mamboleo waliandamana mjini humo wakiwa wamefunika nyuso. Kwenye intaneti nako kukazuka uvumi kwamba Wahaiti wanakula paka na mbwa wa watu. Ushahidi? Mtu mmoja aliandika kwenye Facebook habari aliyoisikia kwa jirani, naye jirani kaisikia kwa mwingine. Baadaye mwandishi huyo alisema anajuta.

Sasa tazameni uongo unavyopanda ngazi. Septemba 9, JD Vance, mgombea mwenza wa Republican, aliusambaza. Siku hiyo hiyo maofisa wa mji walisema hawana taarifa yoyote ya kuaminika. Kesho yake Trump akautamka kwenye mdahalo na Kamala Harris, mbele ya watazamaji takriban milioni 67. Ndani ya siku chache vitisho vya mabomu vikapita 30. Vyote vilikuwa vya uongo, lakini shule zilifungwa na watoto wakatolewa madarasani. Vance alipobanwa kwenye televisheni alisema kama inabidi atunge stori ili vyombo vya habari visikilize shida za watu, atafanya hivyo. Jamani!

Hoja yangu ni hii: wale waliofunika nyuso walikuwa kama dazeni moja tu. Peke yao wasingefika mbali. Kilichowapa nguvu ni wanasiasa wenye suti, walioona kwamba chuki inaleta kura.

Lakini tuwe wakweli, si kila mhafidhina ni mbaguzi. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, ni Republican na mzaliwa wa Springfield. Alisema wazi kwamba hakuna ushahidi, akapeleka polisi wa jimbo kulinda shule. Kumbe inawezekana kuwa mhafidhina na kuukataa uongo. Basi wenzake walionyamaza wasituambie hawakuwa na la kufanya.

Nakurudia wewe ndugu yangu wa viza. Hao Wahaiti nao walikuwa na karatasi zao. Juni 2025 serikali ya Trump ikatangaza kuifuta hifadhi yao, jambo ambalo limepingwa mahakamani. Anayeamini kwamba mtu mweusi anakula paka hatakuuliza kwanza kama wewe ni wa Port-au-Prince au wa Morogoro.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuache kusambaza kila kinachoingia kwenye simu, maana hata kwenye magrupu yetu uvumi juu ya Wasomali na Wakongo haukosekani. Pili, wanasiasa wahafidhina wakija chuoni, tuwaulize swali moja kwa adabu: uongo huu unaukataa, au unautumia?

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wembe haujui viza.