Muungano si farasi na mpandaji wake

Ndugu wananchi wa Tunduma, Momba, Mbozi na Ileje,

Kuna maneno yanayozungushwa sokoni na kwenye foleni ya malori pale mpakani, nayo hayana budi kujibiwa. Wasemao wanasema Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ni mambo ya watu wa Pwani, sisi huku hautuhusu. Na kwamba kuunganisha nchi ni hila ya wakubwa tu, maana hata Wazungu waliziunganisha nchi za jirani zetu, zikavunjika. Twajibu kwamba hakuna mahali panapofaa kuyajibia maneno hayo kuliko hapa Tunduma.

Tazameni ng'ambo. Mnyamwanga wa Nakonde na Mnyamwanga wa Tunduma ni ndugu. Hawakutengana kwa ugomvi. Walitenganishwa na Mwingereza na Mjerumani, waliotia sahihi zao Berlin mwaka 1890 bila kumwuliza mtu wa huku. Mkoloni agawapo haulizi. Aunganishapo haulizi pia.

Mwaka 1953 Uingereza iliziunganisha Rhodesia ya Kusini, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kuwa Shirikisho moja, makao yake Salisbury. Kwa nini? Hadharani walisema ni kwa ajili ya uchumi mkubwa na ushirika wa watu wa rangi zote. Lakini Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa na shaba, Nyasaland ilikuwa na vijana wa kwenda kuajiriwa, na masetla wa Kusini walivitaka vyote viwili. Machifu wa Nyasaland walisafiri mpaka London kukataa. Hawakusikilizwa. Bunge la kwanza la Shirikisho lilikuwa na wajumbe 35, Waafrika wakiwa 6 tu. Na Bwana Godfrey Huggins, Waziri Mkuu wake wa kwanza, aliufananisha ushirika huo na ule wa farasi na mpandaji wake. Tumshukuru kwa kusema kweli, maana wenziwe waliificha!

Basi farasi akapandwa. Shaba ilichimbwa Kaskazini, faida ikaineemesha Kusini. Mwaka 1955 Serikali ya Shirikisho iliamua kwamba bwawa kubwa la umeme lijengwe Kariba, si Kafue, ingawa Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa imeitegemea Kafue. Mitambo ya kwanza ikawekwa ukingo wa kusini, na Watonga wapatao 57,000 wakahamishwa makwao ili maji yajae. Watu walipokataa waziwazi, tarehe 3 Machi 1959 hali ya hatari ilitangazwa Nyasaland, Dkt. Banda akapelekwa kifungoni Gwelo, na Waafrika wasiopungua 50 wakauawa. Tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho likafa, wala hatujasikia Mwafrika aliyelililia.

Je, waliolizika walikuwa maadui wa umoja? Hata kidogo. Ni Zambia hiyohiyo iliyoshirikiana nasi katika bomba la mafuta lililomalizika 1968 na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa 1976, vyote vikipita mkoani mwetu. Walichokataa ni kupandwa.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia sahihi Hati za Muungano, na tarehe 26 nchi ikawa moja. TANU na ASP zilikuwa ndugu katika vita vya uhuru. Shirikisho la Afrika Mashariki, lililoahidiwa Nairobi tarehe 5 Juni 1963, lilikuwa limekwama. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalikuwa bado machanga. Na siku 8 baadaye askari wa Tanganyika waliasi, hata Serikali yetu huru ikabidi iwaite Waingereza waje kuituliza. Aibu ile iliwafundisha viongozi jinsi nchi changa zilivyo dhaifu zikisimama mojamoja. Wako wasemao ni Wamarekani waliotuunganisha. Ni kweli Marekani na Uingereza zilifurahi, kwa kuwa ziliogopa Zanzibar isiwe Cuba ya pili. Lakini afurahiye harusi siye aliyeposa.

Hata hivyo yafaa tuseme wazi jambo ambalo baadhi ya viongozi wetu hawapendi lisemwe. Wananchi hawakupigishwa kura. Hati zilipitishwa na Bunge la Tanganyika tarehe 25 Aprili, siku 3 tu baada ya sahihi. Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Yakaongezeka hata yakafika 22. Mzanzibari aulizaye yaliongezwa kwa idhini ya nani, mnamwita msaliti. Mtu wa Bara aulizaye Tanganyika ilikwenda wapi, mnamwita mkabila. Kwa nini? Tume ya Jaji Nyalali iliyoundwa 1991 ilipendekeza serikali tatu, na Tume ya Jaji Warioba ikapendekeza vivyo hivyo mwaka 2013. Mimi serikali tatu sizikubali, naona zitazaa gharama na ugomvi. Lakini majaji wale si vibaraka, na hoja hujibiwa kwa hoja. Ni Salisbury iliyowajibu waulizaji kwa pingu.

Kwa hiyo twataka kila tawi la Chama mkoani Songwe lisome Hati za Muungano hadharani, ibara kwa ibara, mzee na kijana wakisikia, na atakayesimama kuuliza asizomewe.