Mlevi Wodini Ni Mgonjwa Pia

Mwanamume aliyevunjika mguu alilazwa Jumatatu katika hospitali moja nilikowahi kufanya kazi. Kufikia Jumatano usiku alikuwa akitetemeka, akitokwa jasho na kufukuza wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Jamaa zake walinong'onezana kuhusu uchawi. Muuguzi wa zamu akamfunga kitandani kwa shuka, akisema ni pombe inayomtoka.

Kweli ilikuwa ikimtoka, na hapo ndipo penye hatari. Mtu aliyezoea chang'aa kila siku akiikosa ghafla, huanza kutetemeka baada ya saa chache. Anaweza kushikwa na kifafa katika siku mbili za kwanza, kisha akachanganyikiwa hivyo kati ya siku ya pili na ya nne. Asipotibiwa anaweza kufa. Dawa yake ni diazepamu, si kamba. Vitamini B1 nayo itangulie dripu ya glukosi, la sivyo ubongo huenda ukadhurika.

Hapa Rangwe tusijifanye hatujui watu hunywa nini. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa ya leseni, lakini ile ya kupikwa kisirisiri ingalipo. Mbona basi fomu nilizozijaza huuliza dini ya mgonjwa na haziulizi alikunywa lini mara ya mwisho? Wauguzi, ulizeni siku ya kwanza, kwa sauti ya chini, jamaa wakiwa nje. Mwanamume mzima akiulizwa mbele ya wakwe zake kama ni mlevi atakataa, nami singemlaumu.