Ile kamba nyekundu ya injini

Jamani wavuvi wa Ziwa Victoria, hebu tuulizane. Mtu anauza ng'ombe anunue injini ya farasi 15. Mtumbwi anaupaka rangi, anauziba kila upenyo, nyavu anashona kila jioni. Halafu ile kamba nyekundu iliyokuja na injini, ya kufunga mkononi ili nahodha akianguka injini izime, anaitoa anaweka kipande cha waya. Kazi imekwisha!

Nahodha akirushwa majini, mtumbwi hausimami. Injini ya kushika kwa mkono ikiachiwa hukata kona, chombo kinazunguka na kinaweza kumrudia mwenyewe, tena na mapanga yake.

Wamarekani wanaovua samaki aitwaye bass wana boti za kasi kweli kweli, na huko sheria imeingilia. Tangu tarehe 1 Aprili 2021, kwenye boti za chini ya futi 26, nahodha lazima avae kamba hiyo au kifaa cha aina hiyo anapokwenda kasi. Akienda polepole au akivua, hadaiwi. Ndiyo maana ile hoja ya kwamba kamba inasumbua wakati wa kuvuta nyavu mimi siikubali. Nani anavuta nyavu huku anakimbiza injini?

Kila siku kabla ya kuondoka mwaloni, washa, vuta kamba. Injini isipozima, usiende. Na nunua kibanio cha pili kikae ndani ya mtumbwi, maana nahodha akianguka na kamba yake, mliobaki mtawashaje injini mkamchukue?