Njooni Tutembee, Tule: Wito kwa Wakaazi wa Mombasa na Wageni Wao

Wakaazi wenzangu wa Mombasa, nina ombi, na ni ombi la raha. Chagueni siku moja mwezi huu, mvae viatu vyepesi, mwende Mji wa Kale kwa miguu pamoja na kijana wa mtaa anayejua nani anapika nini. Anzeni alasiri, mle mkitembea mpaka isha. Mwende nyinyi wenyewe kwanza, kabla ya kuwapeleka wageni wenu.

Matembezi ya namna hii yapo tayari. Waongozaji huwapokea watu nje ya Fort Jesus, wakawapitisha Ndia Kuu, wakaingia nao Kibokoni na kuteremka mpaka Bandari ya Kale, huku wakionja hiki na kile njiani. Lakini ukiwatazama wanaoongozwa, wengi wameshuka kwenye meli za kitalii kule Kilindini au wametoka hoteli za Nyali na Diani. Mtu wa Kisauni, Likoni au Changamwe anaupita Mji wa Kale akiwa ndani ya matatu, macho yake kwenye simu. Anajua mahamri ya kwao na biriani ya harusini, na hapo ndipo ujuzi wake unapokoma. Mgeni wa bara naye anateremka treni ya SGR Miritini mwezi wa Desemba, anapelekwa moja kwa moja ufuoni, anakula chipsi siku nne, anarudi Nairobi akisema ameiona Mombasa. Hili linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Mji huu umekuwa ukilisha wageni kwa muda mrefu sana. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa Mombasa ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao huletwa kutoka ng'ambo ya kisiwa. Kabla ya hapo, huko Mogadishu, alikuwa amekaribishwa wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizochemshwa katika maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na embe. Karibu miaka mia saba imepita, na achari ya embe bado inauzwa Mji wa Kale, imefungwa vipakiti vidogo, watoto wakiinunua pamoja na mabuyu wakitoka chuoni.

Simameni kwenye kona ya Kibokoni jua likianza kulegea, muangalie viazi karai vinavyopikwa. Viazi vimechemshwa na kumenywa tangu mchana. Mpishi anavichovya kwenye rojo zito la unga wa dengu au wa ngano, lenye manjano na chumvi, kisha anaviteremsha karaini kimoja kimoja, mkono ukishuka hadi karibu kabisa na mafuta ili yasimrukie. Mafuta yanachemka kwa kelele, yanatulia, kisha yanachemka tena kila kiazi kipya kinapoingia. Vikishaiva anavipasua katikati, anavimwagia ukwaju, pilipili na chatini ya nazi, na pembeni anakuwekea bajia mbili tatu. Kila kilichomo humo kina safari yake. Pilipili asili yake ni Amerika, na ilifuata njia za bahari za Wareno, ambao merikebu zao zilifika hapa mara ya kwanza mwaka 1498. Kiazi nacho ni cha Amerika, ila kilikawia zaidi njiani. Unga wa dengu na karai lenyewe vimetoka Bara Hindi. Ukwaju ni mti wa Afrika, na nazi ilipandwa pwani hii na mabaharia wa zamani kuliko wote hao. Mtoto wa darasa la nne akielezwa hivi huku anakula, jiografia yake haitamtoka kichwani.

Na watu wenyewe je? Waswahili wa Miji Kumi na Miwili ndio wenyeji. Washihiri walikuja kutoka Hadhramauti, Wabarawa kutoka Barawa, na Wabaluchi ni wajukuu wa askari waliotumikia masultani wa Oman. Wabohora na wafanyabiashara wengine wa Gujarati walikuwa wameshafungua maduka hapa kabla reli haijaanza kujengwa mwaka 1896. Reli hiyo ilileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakarudi kwao, wengine wakabaki. Wamijikenda ndio wanaoleta madafu, mihogo, mchicha na korosho kutoka Kilifi na Kwale, na bila wao hakuna jiko la kisiwani litakalowaka kwa wiki nzima. Msikiti wa Mandhry ulijengwa mwaka 1570. Kutoka hapo unaweza kufika kwa miguu hadi hekalu la Wajaini, ambao dini yao inawakataza nyama, na walio wakali zaidi miongoni mwao hawali hata viazi na vitunguu kwa sababu vinang'olewa na mizizi. Mwongozaji mzuri anajua haya yote, na atamuuliza kila mtu katika kundi lake anakula nini na hali nini kabla hawajapiga hatua ya kwanza.

Hapo ndipo umuhimu wa mwongozaji unapoonekana. Chakula kizuri kuliko vyote Mji wa Kale hakina bango. Kinapikwa na mama ndani ya nyumba yake, na kinauzwa mlangoni au kinatumwa na mtoto akiwa amebeba hotipoti. Mahamri, kwa mfano. Iliki inatwangwa usiku, unga unakandwa kwa tui zito na hamira, unafunikwa kitambaa uumuke. Baada ya swala ya alfajiri mama anausukuma, anaukata pembe tatu, na mafuta yakishika moto anautumbukiza huku akiumwagia mafuta juu kwa mwiko, mpaka kila hamri linajaa hewa na kuwa tupu ndani. Pembeni mbaazi zinatokota kwenye tui. Saa mbili asubuhi kila kitu kimekwisha. Mtu asiyejulikana mtaani atapita mbele ya mlango huo mara kumi na asijue. Kijana wa mtaa atapiga hodi, atasema "Sabalkheri mama, nimekuja na wageni," na mlango utafunguliwa.

Kwa hiyo nawasihi mnaoandaa matembezi haya: waajirini vijana waliozaliwa humu, wanaume kwa wanawake. Msichana wa Kibokoni ataingia jikoni ambako mwanamume hataingia, na anajua ni bibi gani anayepika mkate wa sinia uliokauka vizuri juu na laini chini. Mlipeni vizuri. Na mpishi naye mlipeni vizuri. Mgeni analipa pesa nyingi kwa matembezi, kisha mpishi anapewa bei ya hamri moja, ilhali amesimamisha kazi yake robo saa nzima kueleza mama yake alimfundisha vipi. Mama huyo ameuza vitu viwili, chakula na maarifa. Alipwe vyote viwili, papo hapo, mkononi au kwa M-Pesa, bila kuzungushwa.

Nyinyi mtakaotembea, nawaomba adabu ndogo ndogo ambazo hazigharimu chochote. Huu ni mtaa wa watu, na madirisha yako karibu na barabara. Vaeni nguo za stara. Salimuni kwanza, muulize bei baadaye. Simu isielekezwe kwa mtu, hasa kina mama na watoto, mpaka akubali. Adhana ikilia muuzaji akaondoka kwenda msikitini, subirini. Karai lake litapata moto tena. Ramadhani msile wala kunywa njiani mchana. Badala yake njooni baada ya alasiri mwezi huo huo, mtakuta mitaa imejaa meza za futari: sambusa, kaimati zinazong'aa kwa shira, mihogo na ndizi mbivu za nazi, tende, maji ya ukwaju. Kwa maoni yangu hakuna wakati mwingine katika mwaka ambapo Mji wa Kale unapendeza zaidi ya hapo, na jirani asiyekuwa Mwislamu atakaribishwa kwa mikono miwili.

Msiharakishe kwenye kahawa. Muuza kahawa ana dele lake la shaba juu ya makaa na vikombe visivyo na mkono, na huvigonganisha ili mjue amefika. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, na inanyweka kwa kashata au tende. Atakayeinywa amesimama huku akiangalia saa atapata kahawa tu. Atakayekaa barazani atapata habari za mji, nani anaumwa, nani anaoza binti, bei ya samaki imepanda kwa sababu kusi linavuma na mashua hazitoki. Halwa nayo haitaki pupa. Wanga, sukari, samli, iliki na kungumanga vinakorogwa kwa mwiko mrefu kwenye sufuria kubwa bila kuachiwa hata kidogo, maana mkono ukisimama halwa inashika chini. Mwombeni mwenye duka awaonyeshe inavyopikwa. Wengi wao wanafurahi kuulizwa.

Walimu, nawageukia nyinyi. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na hapa kuna somo la historia, dini, kilimo na hesabu ambalo haliwalazimu kukodi basi la kwenda mbali. Mwaka 2021 UNESCO iliitaja Kenya miongoni mwa mifano bora ya kuhifadhi urithi, kwa kazi yake ya kulinda vyakula vya asili, kazi iliyoanza mwaka 2007 na kuwashirikisha watoto wa shule za msingi. Wapeni watoto wenu daftari, wamwandike bibi mmoja na chakula kimoja kila mmoja, kwa vipimo vyake mwenyewe, hata kama kipimo ni kikombe kilichovunjika mkono. Wafikisheni pia Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914, asubuhi mapema viungo vinapopangwa, wanuse tofauti ya bizari nyembamba na bizari ya manjano. Mtoto akijua viungo vya pilau kwa pua, ameshajua njia za biashara za Bahari Hindi.

Kwa serikali ya kaunti nasema kwa heshima na kwa uwazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliziachia kaunti masoko, leseni za biashara na utalii wa mashinani. Kazi hii basi ni yenu. Fort Jesus iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na kuta zake zina Makumbusho ya Taifa ya kuzitunza. Mama anayeuza bajia hatua chache kutoka hapo hana wa kumtunza, na mara nyingine askari wa kaunti ndio wanaommwagia mali yake. Mpeni leseni ya bei anayoimudu, maji safi ya bomba karibu, taa ya mtaa inayowaka, na mtaro usiofurika mvua za masika. Mkaguzi wa afya aje kufundisha kwanza, adhabu ije baadaye. Wageni wengi wanaogopa kula njiani wakihofia matumbo yao, na cheti cha afya kilichobandikwa mahali pa kuonekana kingewaondolea hofu hiyo kuliko tangazo lolote la utalii.

Vijana wa Mji wa Kale, nyumba za jirani zenu zinauzwa, na kina mama wanaojua kupika mkate wa mofa, ule unaobandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri ya udongo, wanazeeka. Ketini nao. Ulizeni maswali ambayo mnafikiri mnayajua majibu yake. Kuongoza matembezi ni kazi ya heshima, na inamtaka mtu aliyefanya bidii kujua, asiyebuni hadithi za majini ili kumfurahisha mgeni.

Na wewe msomaji, usisubiri kundi la kitalii liundwe. Watafute marafiki watano, mchukue mtoto mmoja na mzee mmoja, muulizane nani ana ndugu Mji wa Kale atakayewaongoza. Mchana msile kingi. Bebeni pesa ndogo ndogo, kwa sababu muuza kashata hana chenji ya elfu. Kila mtu aje na bakuli lenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 na karatasi hailiwezi rojo la ukwaju. Na kama mmepanga kuja asubuhi na mnazidi watu kumi, mpelekeeni mama habari siku moja kabla, ili aloweke mbaazi za kuwatosha wote.