Alama Ndogo, Kazi Kubwa

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965, mwananchi wa Shinyanga au Geita asiyejua kusoma hakukosa njia ya kumchagua mbunge wake. Penye wagombea wawili, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Jicho lilitambua mara moja kile ambacho herufi zingekificha.

Busara hiyo haijapitwa na wakati. Tangu mwaka 1999, kampuni ya Microsoft ilipoanzisha utaratibu huo katika kivinjari chake cha Internet Explorer 5, kila tovuti yaweza kuwa na alama yake ndogo. Siku hizi alama hiyo hukaa juu ya kioo cha kompyuta, mwanzoni mwa kichupo cha kila ukurasa uliofunguliwa. Mwalimu wa Bukombe aliyefungua kurasa 15 kwa pamoja, majina yake yakakatwa kwa kukosa nafasi, hana kingine cha kumwonyesha lipi ni Baraza la Mitihani na ipi ni Sekretarieti ya Ajira.

Kwa hiyo ofisi za umma zisiihesabu alama hiyo kuwa pambo. Wapo watakaosema kwamba Nembo ya Taifa yatosha kwa wote. Nembo hiyo ni ya heshima, na mahali pake ni kichwani mwa ukurasa. Lakini bwana na bibi, ngao, mwenge, pembe za ndovu na mlima Kilimanjaro, vikibanwa katika mraba wa nukta 16 kwa 16, hugeuka doa. Na ofisi kumi zikivaa doa moja, mtumishi hupapasa kama aliye gizani. Herufi moja nene au picha moja nyepesi, yenye rangi yake, yatosha.

Hata hivyo, alama hutambulisha, haithibitishi. Tapeli aweza kuinakili kwa dakika moja, akamtega mchimbaji mdogo wa Geita anayetafuta leseni katika tovuti ya Tume ya Madini. Mwaka ule wa 1965, jembe halikumfanya mgombea kuwa mkulima hodari. Mpiga kura alipaswa kumjua mtu aliyesimama nyuma yake. Vivyo hivyo, mtumishi na aongozwe na alama, kisha asome anwani na kuhakikisha kwamba jina la tovuti ya serikali linaishia na .go.tz, kabla hajaandika neno lake la siri.