Star Trek na Futurama: Utani Unaodai Maarifa

Aprili 2002, kipindi cha katuni cha Marekani kiitwacho Futurama kilirusha hewani kisa cha ajabu kuhusu Star Trek, mfululizo wa televisheni wa safari za angani. Katika kisa hicho, ushabiki wa Star Trek umekua na kukua hadi ukawa dini kufikia karne ya 23. Serikali za dunia zikaingiwa na hofu, waumini wakatupwa kwenye volkano, na kanda zote, sehemu 79 za televisheni pamoja na filamu sita, zikarushwa hadi sayari ya mbali zisije zikaonwa tena. Anayefunga safari kwenda kuzitafuta ni Fry, kijana msambaza piza aliyegandishwa usiku wa kuamkia mwaka 2000 na kuzinduka miaka elfu moja baadaye. Amezungukwa na maajabu ya karne ya 31, roboti na viumbe wa kila sayari, na bado kinachomliza ni kukosa Star Trek.

Mtazamaji mwenye haraka atakiona kisa hicho, "Where No Fan Has Gone Before", kuwa ni wachekeshaji wanaowasimanga watu waliopitisha ujana wao mbele ya televisheni. Akitulia ataona jambo jingine. Kisa kinaanza kwa baraza la mashtaka, na ushahidi unatolewa kwa kurudi nyuma katika matukio, kama ilivyokuwa katika "The Menagerie" ya mwaka 1966. Katikati, pande mbili zinalazimishwa kupigana kwenye nchi ya mawe matupu, kama Nahodha Kirk na yule kiumbe mjusi wa "Arena", 1967. Mwishoni, Melllvar, kiumbe mwenye nguvu za kutisha aliyewateka waigizaji wote, anaitwa na mama yake aende kula, na hapo inajulikana kwamba jitu lile lilikuwa bado linaishi kwa wazazi. Waliotazama "The Squire of Gothos" walikwisha kuiona njia hiyo miaka 35 kabla.

Kuandika hivyo kunahitaji mtu aliyezitazama sehemu zote 79, akazirudia, na akajua ni zipi zilizopikwa vizuri na zipi ziliungua. Hapo ndipo penye hoja. Marejeo ya kazi moja ndani ya kazi nyingine yamekuwa mengi mno siku hizi, na wakosoaji wengi wanayadharau yote kwa pamoja, wakisema ni kumkonyeza shabiki tu ili ajione mjanja. Dharau hiyo inastahili baadhi ya kazi. Haiistahili Futurama.

Afrika Mashariki ina kipimo kizuri cha kuzitenganisha. Mtani wa kabila, kwa mfano Mngoni kwa Mhehe, anaweza kufika msibani akaiga mwendo wa marehemu, akataja ubahili wake na madeni yake mbele ya wafiwa, na hakuna anayemkunjia uso. Haki hiyo ameilipia. Anaijua familia, historia ya pande mbili ameirithi, na kazi za msibani ni zake pia: kuchota maji, kupika, kushika jembe. Asiye mtani akisema maneno yale yale, patachimbika. Futurama ilikuwa mtani wa Star Trek kwa maana hiyo kamili.

Waanzilishi wake, Matt Groening na David X. Cohen, hawakuwa wapita njia. Groening ndiye baba wa The Simpsons. Cohen alisoma fizikia Harvard, akaendelea na sayansi ya kompyuta Berkeley, kabla ya kugeukia uandishi wa vichekesho. Walipobuni nahodha wao wa anga, Zapp Brannigan, wazo lilikuwa wazi: je, ingekuwaje kama anayekiongoza chombo cha Enterprise si Kirk, bali William Shatner mwenyewe, mwigizaji na majivuno yake? Sauti ilikusudiwa kuwa ya mwigizaji Phil Hartman. Alipouawa mwaka 1998, kazi ikaenda kwa Billy West, ambaye alimpa Zapp ile midundo ya Shatner, maneno yanayokatwa mahali yasipostahili kukatwa.

Zapp si kikaragosi cha kuchekesha tu. Katika Star Trek ya kwanza, wanajeshi wenye mashati mekundu hufa ovyo ili mtazamaji ajue kwamba sayari ina hatari, na nahodha huendelea na safari kana kwamba ameangusha kalamu. Mashabiki waliona kasoro hiyo miaka mingi wakaifanya mzaha wa chinichini. Zapp anaitoa hadharani: anajisifu kwamba aliwashinda maroboti wauaji kwa kuwarushia askari wake, kundi baada ya kundi, hadi mashine zikafikia kikomo cha idadi ya watu zilizoruhusiwa kuua zikajizima. Huo ni uhakiki mkali kuliko makala nyingi za kitaaluma kuhusu ushujaa wa Kirk. Kando yake yuko Kif, msaidizi anayeshusha pumzi kwa uchovu kila bosi anapofungua mdomo, na katika pumzi hiyo mna kila mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa asiyejua kitu.

Marejeo ya aina hii yanafika hadi kwenye maisha ya waigizaji. Leonard Nimoy, aliyekuwa Spock, alichapisha kitabu mwaka 1975 akikiita "I Am Not Spock", kichwa kilichowachoma mashabiki kama talaka. Mwaka 1995 akaandika kingine, "I Am Spock". Ndani ya miaka hiyo 20 ulikuwamo ugomvi wa mtu na sura aliyovaa. Futurama ilipoanza, Machi 28, 1999, katika sehemu ya kwanza kabisa, Fry anaingia kwenye makumbusho ya vichwa vya watu mashuhuri vilivyohifadhiwa hai ndani ya mitungi ya kioo. Anakutana na kichwa cha Nimoy na kumwomba afanye ile salamu ya vidole. Kichwa kinajibu kwamba siku hizi hakifanyi tena mambo hayo. Kisha kinamwagiwa chakula, kama samaki wa mapambo. Sauti ni ya Nimoy mwenyewe. Alikubali kuwekwa mtungini, na dakika ile fupi inabeba miaka yote ile ya mvutano bila kuieleza.

Wenzake nao walijua kuchagua utani wa kushiriki. George Takei, aliyekuwa Sulu, aliombwa kushiriki katika kisa cha The Simpsons cha mwaka 1993 kuhusu treni ya reli moja inayouzwa kwa mji na tapeli. Alikataa, kwa sababu aliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya usafiri wa umma kusini mwa California na hakutaka kuucheka usafiri wa umma. Nafasi ikachukuliwa na Nimoy. Miaka tisa baadaye, Takei alikuwamo katika kisa cha Futurama pamoja na Shatner, Nimoy, Walter Koenig na Nichelle Nichols. Mwigizaji mwenzao DeForest Kelley alikuwa amefariki mwaka 1999. Mwingine, James Doohan, hakushiriki, kwa hiyo waandishi wakamweka mtu mwingine wa kubuni, Welshy, wakamvika shati jekundu, na bila shaka akafa mapema.

Jina la Nichols lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Kiswahili. Kwa simulizi yake mwenyewe, alikwenda kwenye usaili wa Star Trek akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ambayo mandhari yake ni Kenya, na humo ndimo lilimotoka jina la Luteni Uhura. Katika sehemu iliyorushwa siku ya kwanza kabisa, Septemba 8, 1966, Uhura anasemeshwa kwa Kiswahili na kiumbe aliyejigeuza kuwa mwanamume mweusi, naye anajibu kwa Kiswahili. Hata hivyo, mfululizo ule uliompa heshima ya kukaa kwenye chumba cha uongozi haukumpa uongozi wenyewe. Aliyempa ni katuni. Star Trek ilipofanywa kuwa katuni mwaka 1973, kwa sauti za wengi wa waigizaji wale wale, kisa cha "The Lorelei Signal" kilimkabidhi Uhura kiti cha nahodha wanaume walipolevywa akili. Ilichukua michoro ya bei nafuu kufanya ambacho misimu mitatu ya waigizaji hai haikufanya.

Ni haki kusema kwamba Futurama nayo haikumtumia Nichols inavyostahili. Mwaka 2000 ilimweka katika kikosi cha kulinda mwendo wa wakati, bega kwa bega na Al Gore na Stephen Hawking, wazo zuri sana. Mwaka 2002 vicheko vikubwa walipewa Shatner na Nimoy.

Wingi wa majina ya Star Trek si kipimo cha ubora. Juni 1969 mfululizo wa kwanza ulimalizika kwa "Turnabout Intruder", kisa cha mwanamke anayebadilishana mwili na Kirk kwa sababu ya tamaa ya unahodha, na jinsi kinavyomdharau kwa tamaa hiyo inaudhi hadi leo. Kubadilishana miili ni wazo la zamani katika hadithi za sayansi. Futurama ililishika mwaka 2010 katika "The Prisoner of Benda" na kuuliza swali hili: ikiwa mashine haiwezi kuwarudisha watu wawili waliokwisha kubadilishana moja kwa moja, je, kundi zima lililochanganyika linaweza kurudi katika miili yake? Mwandishi wa kisa, Ken Keeler, mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, alithibitisha kwamba linaweza, mradi waongezwe watu wawili ambao bado hawajabadilishana na mtu. Uthibitisho wenyewe unaonekana ubaoni ndani ya katuni. Hakuna Spock pale, wala Kirk, lakini roho ya sayansi ambayo Star Trek ilijinasibu nayo ipo kikamilifu.

Kinyume chake ni marejeo yanayotolewa kwa amri ya mwenye mali. Machi 2019 kampuni ya Disney ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya 21st Century Fox, na kwa hatua hiyo The Simpsons ikaingia nyumba moja na Star Wars. Mei 4, 2021, siku ambayo mashabiki wa Star Wars huiadhimisha, Disney ilitoa kwenye huduma yake filamu fupi ambamo Maggie, mtoto mchanga wa kina Simpson, yumo katika ulimwengu wa Star Wars. Mwezi Julai ikafuata nyingine, safari hii na Loki wa Marvel, ambayo pia ni mali ya Disney. Zimechorwa vizuri, zina majina na nyuso za kutosha kumfanya mtu aoneshe kidole kwenye skrini. Hazisemi lolote kuhusu Star Wars ambalo idara ya matangazo isingependa kulisikia. Mtani hawezi kuajiriwa na anayetaniwa kisha akabaki mtani, na The Simpsons, iliyowahi kuwa na ulimi mkali kuliko kipindi chochote cha Marekani, ilistahili kazi bora kuliko hiyo.

Family Guy, katuni nyingine ya Marekani, ilisimama mahali pa katikati. "Blue Harvest" ya mwaka 2007 ilitengenezwa kwa ridhaa ya Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, inaifuata filamu ya Star Wars ya 1977 hatua kwa hatua, na inathubutu kuuliza maswali ambayo watazamaji waliyaficha. Lakini ilipowakusanya waigizaji wa Star Trek: The Next Generation mwaka 2009, iliwazungusha mjini na kuwafanya wasumbufu, bila kugusa chochote walichowahi kuigiza. Kundi lolote la watu maarufu lingefaa.

Anayeogopa kwamba dhihaka huua kazi inayodhihakiwa atazame waandishi walikokwenda. David A. Goodman, aliyeandika kisa kile cha Futurama, alijiunga mwaka huo huo wa 2002 na waandishi wa Star Trek: Enterprise, na mwaka uliofuata akawa na jina kwenye "Judgment", kisa cha Nahodha Archer mbele ya mahakama ya Waklingoni. Mike McMahan, baada ya kuandika msimu wa kubuni wa kuchekesha wa The Next Generation na kufanya kazi katika katuni ya Rick and Morty, alipewa Star Trek: Lower Decks, katuni ya vichekesho iliyoanza 2020 na kwisha 2024. Tofauti yake na filamu fupi za Disney ni kwamba McMahan aliruhusiwa kuuliza maswali ya Zapp ndani ya nyumba yenyewe: nani hufagia chombo baada ya mashujaa kuondoka, na kwa nini sayari zilizookolewa na Kirk hazikutembelewa tena?

Julai 2023 wahusika wawili wa katuni hiyo, Boimler na Mariner, waliingia katika mfululizo mwingine wa Star Trek, Strange New Worlds, wakiigizwa na watu hai, Jack Quaid na Tawny Newsome, wenye sauti zao tangu mwanzo. Aliyeongoza kazi hiyo ni Jonathan Frakes, mwigizaji wa Star Trek ambaye kichwa chake kilionekana mtungini katika kisa kile cha Futurama cha mwaka 2002. Mariner anakutana na Uhura kijana, shujaa wake, anamkuta amezama kazini kupita kiasi, na anamhimiza apumzike. Newsome baadaye aliajiriwa miongoni mwa waandishi wa mfululizo mwingine wa Star Trek, Starfleet Academy.